Gharama za usafiri wa kila siku mjini

Gharama za usafiri wa kila siku ni fedha ambazo mtu hutumia kwenda na kurudi kazini, shuleni, sokoni, hospitalini na mahali pengine anapofika mara kwa mara. Humo zimo nauli za daladala, mabasi ya mwendokasi, bodaboda na bajaji, mafuta kwa mwenye gari, pamoja na fedha ndogondogo zisizoandikwa popote, kama vile shilingi hamsini inayobaki kwa konda kwa sababu "hana chenji". Kwa wakazi wengi wa mijini wenye kipato kidogo gharama hizo huhesabiwa pamoja na chakula na kodi ya nyumba, na wako wanaolipa nauli nyingi kuliko kodi ya chumba wanacholala.

Makala hii inaeleza hasa hali ya Dar es Salaam, jiji kubwa kuliko yote ya Tanzania, na kugusa miji mingine michache ya Afrika Mashariki. Katika jiji hilo kinachopandisha gharama zaidi ni idadi ya magari ambayo mtu anapanda kwa siku, kuliko urefu wa safari yenyewe. Njia nyingi za kubana matumizi hutokana na jambo hilo moja.

Nauli inavyopangwa

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 usafiri wa abiria ndani ya Dar es Salaam ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, Usafiri Dar es Salaam (UDA), lililoanzishwa mwaka 1974. Mabasi yalikuwa machache, vipuri havikupatikana, na watu binafsi walianza kubeba abiria kinyume cha sheria. Mwaka 1983 serikali iliwaruhusu rasmi. Magari yao yakaitwa daladala, jina ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa limetokana na "dala", yaani sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli ya wakati ule.

Ingawa daladala ni mali ya watu binafsi, nauli yake haipangwi na mwenye gari. Zamani ilipangwa na SUMATRA, na tangu mwaka 2019 kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Mamlaka hutangaza nauli ya juu kabisa kwa kila kundi la umbali. Katika nauli zilizoanza kutumika Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600, na nauli ya mwanafunzi ikabaki 200.

Hapo kuna jambo ambalo abiria wengi hawalitilii maanani. Anayepanda daladala kwa vituo viwili na anayekwenda kilomita 10 wote hulipa 600. Kwa hiyo safari ya kilomita 10 kwa gari moja ni shilingi 600, lakini safari hiyohiyo ikikatwa katikati na kuunganishwa kwa gari la pili inakuwa 1,200. Umbali haukuongezeka hata mita moja.

Jambo la pili ni "hesabu". Madereva wengi wa daladala hawalipwi mshahara; humpelekea tajiri kiasi maalumu cha fedha kila siku, hununua mafuta, na kinachobaki ndicho chao na konda. Gari likikaa kwenye foleni saa mbili hesabu haipungui. Mambo mengi yanayomuumiza abiria, kuanzia kujaza kupita kiasi hadi kukatisha ruti, yanatokana na mpango huo kuliko ubaya wa tabia za watu.

Hesabu ya mwezi

Nauli ya siku moja huonekana ndogo, ndiyo maana watu huisahau. Ni vizuri kuihesabu kwa mwezi. Tuchukue mfanyakazi wa duka anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi, akipanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila moja kwa shilingi 600. Kwa siku anatumia 2,400, na kwa mwezi 62,400. Katika amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023, mshahara wa chini katika sekta ya biashara na viwanda ulikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Mtu huyo basi anaacha barabarani zaidi ya theluthi moja ya mshahara wake, kabla hajanywa hata chai.

Akipata njia ya kupanda gari moja tu kila upande, gharama inashuka hadi 31,200. Kinyume chake, kutoka kituoni hadi nyumbani akizoea bodaboda ya shilingi 1,000, asubuhi na jioni, anaongeza 52,000 kwa mwezi kwa kipande kifupi kuliko vyote vya safari yake. Mara nyingi kipande hicho cha mwisho, kwa kila kilomita, ndicho ghali zaidi, na ndicho cha kwanza kutazamwa na anayetaka kubana matumizi.

Njia rahisi ya kujua hali halisi ni kuandika kila shilingi ya usafiri kwa wiki moja, pamoja na safari za sokoni, za kanisani au msikitini na za misiba. Wengi hushangaa kuona kwamba safari zisizo za kazi zinachukua sehemu kubwa.

Kupunguza idadi ya magari

Daladala za Dar es Salaam huandikwa mbele majina ya vituo vya mwanzo na mwisho, na ubavuni huwa na mstari wa rangi kulingana na ruti. Anayezijua ruti za eneo lake, si ile moja aliyozoea, mara nyingi hugundua gari linalopita karibu na anakokwenda bila kuunganisha. Huenda likachukua dakika 20 zaidi kwa sababu linazunguka. Huenda pia likahitaji kutembea kilomita moja hadi barabara nyingine. Kwa nauli ya gari moja kila upande, kilomita hiyo moja huokoa 1,200 kwa siku.

Ruti zikibadilishwa, hesabu nayo hubadilika. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Kariakoo na Morocco, daladala ziliondolewa katika sehemu kubwa ya Barabara ya Morogoro. Safari ya kwenda mjini ilifupika sana kwa sababu mabasi hayo yana njia yake. Lakini mkazi wa Mbezi aliyezoea gari moja alianza kuunganisha Kimara. Nauli za mwanzo zilizingatia hilo: njia kuu ilikuwa 650, njia mlisho 400, na tiketi ya zote mbili 800 badala ya 1,050. Tiketi ya pamoja ya namna hiyo ni msaada mkubwa kwa anayeishi mbali, pengine kuliko punguzo lolote la nauli ya kawaida, kwa kuwa inaondoa adhabu ya kubadilisha gari. Daladala hazina kitu kama hicho: kila konda hukusanya chake.

Kukatisha ruti ni tatizo la kinyume. Gari lililoandikwa kwamba linakwenda hadi kituo fulani hushusha abiria njiani, hasa jioni, kisha hugeuza kufuata abiria wengine. Abiria hulipa mara mbili kwa safari ambayo nauli yake rasmi ni moja. Ni kosa, na gari linaweza kuripotiwa LATRA au kwa askari wa usalama barabarani kwa kutaja namba yake, mahali na saa. Wazoefu huuliza kabla ya kupanda, "Inafika mwisho?", na hawalipi mpaka gari limepita kituo kinachojulikana kwa kugeuzia. Gari likikatisha kabla nauli haijakusanywa, aliyekwisha kulipa ndiye mwenye kazi ya kudai.

Chenji nayo si jambo dogo. Shilingi 100 isiyorudishwa mara moja kwa siku ni 2,600 kwa mwezi, yaani zaidi ya safari nne. Mwenye nauli kamili mkononi haombi chenji.

Saa za safari

Nauli rasmi ya daladala ni ileile asubuhi, mchana na usiku. Hata hivyo saa ya kusafiri huathiri matumizi kwa njia nyingine. Jioni, abiria wengi wa Kariakoo au Posta wanaotaka kukaa hupanda gari likiwa bado linakwenda mwisho wa ruti, wakageuka nalo. Jambo hilo huitwa "kugeuza", na hulipiwa nauli mbili. Kwa mama aliyesimama sokoni tangu alfajiri kiti kinaweza kustahili fedha hiyo. Kwa kijana ni anasa anayoweza kuiacha. Anayeweza kutoka kazini nusu saa mapema, au kungoja mpaka foleni ipungue, hukaa bila kugeuza.

Mchana, wenye shughuli zisizo na saa maalumu, kama kwenda benki au kutembelea mgonjwa, wakiunganisha shughuli mbili katika safari moja huokoa nauli nzima ya siku nyingine. Ni jambo la kawaida kwa wafanyabiashara wadogo wanaofuata mzigo Kariakoo: majirani wawili au watatu hununuliana, mmoja akienda leo na mwingine keshokutwa.

Bodaboda na bajaji

Neno bodaboda lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, eneo la Busia, ambako waendesha baiskeli walivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Bajaji imepata jina lake kutoka kampuni ya India, Bajaj, iliyotengeneza nyingi kati ya hizo za kwanza. Vyote viwili hufika mahali ambapo daladala haifiki, na bei yake hutokana na maelewano.

Bei inapaswa kukubaliwa kabla ya kupanda, siyo baada ya kufika. Mgeni anayesema tu "nipeleke" hulipa bei ya ugeni. Programu za simu za kuita usafiri huonyesha bei kabla ya safari, na hata asiyezitumia anaweza kuangalia humo akajua bei ya kawaida ya mtaa ni kiasi gani. Katika mitaa mingi ya pembezoni zipo pia bajaji za kuchangia, zinazokwenda kwa ruti kama daladala ndogo. Kila abiria hulipa sehemu ndogo tu ya bei ya kukodi peke yake.

Njia moja ya kubana matumizi isiyofaa ni "mshikaki", yaani pikipiki moja kubeba abiria wawili au zaidi ili wagawane bei. Imekatazwa, na ikitokea ajali abiria wa nyuma kabisa hana pa kushika wala kofia ngumu. Gharama za hospitali na siku za kazi zilizopotea zinaweza kumeza akiba ya mwaka mzima.

Miguu na baiskeli

Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita mbili kwa muda wa nusu saa hivi. Katika saa za foleni daladala kwa umbali huohuo, ukihesabu na kusubiri kituoni, mara nyingi haifiki mapema kuliko hapo. Wengi wa wakazi wa miji ya Afrika Mashariki hutembea kwa sababu hawana nauli, siyo kwa kupenda, na barabara nyingi zimejengwa kana kwamba hawapo. Kando ya njia ya mwendokasi kuna njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Kwingineko mtu hugombea ukingo wa lami na pikipiki. Usiku, hasa kwa wanawake, kutembea mahali pasipo na taa si akiba. Bodaboda ya mwendeshaji anayefahamika ni matumizi ya lazima hapo, na ni busara kuitengea fedha tangu mwanzo wa mwezi.

Baiskeli huondoa nauli karibu yote kwa safari zisizozidi kilomita saba au nane. Gharama zake ni pancha, tairi, mnyororo na kufuli nzuri. Kikwazo ni bei ya kuinunua: ni sawa na nauli ya miezi kadhaa, inayotakiwa kwa mkupuo. Anayelipwa kwa siku huweza kutoa 1,200 kila siku kwa miaka bila kuweza kutoa fedha ya baiskeli siku moja. Ndiyo sababu baadhi ya watu hununua baiskeli kwa mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) au wakati zamu yao ya mchezo wa upatu inapofika, kisha hulipa kwa kile ambacho zamani kilikuwa nauli.

Kodi ya nyumba nayo ni hivyohivyo. Chumba kilicho karibu na kazi kikizidi bei kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, lakini kikiondoa gari la pili kila upande, yaani 31,200, mpangaji anabaki na 11,200 na muda wa kupumzika. Kwa hiyo kodi na nauli zijumlishwe pamoja kabla ya kuchagua mahali pa kuishi. Lakini wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa pamoja. Maskini basi hulazimika kubaki mbali, ambako kodi ni ndogo, akilipa tofauti hiyo kidogokidogo kwa makonda.

Wanafunzi

Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, lakini nauli haimo katika mpango huo. Mwanafunzi anayepanda magari mawili kila upande kwa shilingi 200 hutumia 800 kwa siku, yaani 17,600 kwa mwezi wa siku 22 za masomo. Kaya yenye wanafunzi watatu wa namna hiyo hutumia 52,800.

Nauli ya 200 ni theluthi moja ya ile ya mtu mzima, na konda mwenye hesabu ya kutimiza anaijua vizuri hesabu hiyo. Huchukua wanafunzi wawili au watatu, huwasimamisha, na wengine huwaacha kituoni. Kumkataa mwanafunzi ni kosa, ila mtoto wa miaka 13 aliyechelewa hana nguvu ya kubishana. Anafika shule kipindi cha pili, au analipa nauli ya mtu mzima na kukosa cha mchana. Wasichana hukutana na hatari nyingine, yaani lifti za bure za mara kwa mara kutoka kwa mtu yuleyule, ambazo baadaye hudaiwa malipo ya aina nyingine. Mzazi anayeona mtoto harudi na chenji wala haombi nauli anapaswa kumwuliza kwa upole anasafiri na nani.

Baadhi ya wazazi wa mtaa mmoja hukubaliana watoto waondoke pamoja kwa miguu, wakubwa wakiwaongoza wadogo. Wengine huchangia bajaji moja kwa mwezi. Bei ikigawanywa inaweza kukaribia nauli ya daladala, mradi isijazwe watoto kupita kiasi. Sare na kitambulisho hupunguza ubishi na konda, hasa siku za Jumamosi.

Mwenye gari

Mwenye gari binafsi hupata gharama za bima, matengenezo, maegesho na mafuta. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo tetesi za kupanda au kushuka hazina maana baada ya siku hiyo. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, likitembea kilomita 30 kwa siku, hutumia lita 2.5, au lita 65 kwa siku 26. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita ni 195,000. Wafanyakazi wenza wanne wakichangia, kila mmoja hutoa 48,750, kiasi ambacho ni chini ya nauli ya yule wa magari mawili aliyetajwa juu. Kuchangiana mafuta kati ya watu wanaofahamiana si sawa na kuokota abiria vituoni kwa nauli, jambo linalohitaji leseni.

Tairi zisizo na upepo wa kutosha, mizigo isiyo na kazi kwenye buti na injini inayounguruma muda mrefu gari likiwa limesimama huongeza matumizi ya mafuta.

Miji mingine

Nairobi hakuna mamlaka inayopanga nauli za kila siku za matatu. Huwekwa na vyama vya wenye magari na makondakta wao, hupanda asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha huweza kuwa mara mbili. Huko, tofauti na Dar es Salaam, kubadili saa ya safari kunaokoa fedha moja kwa moja, na kungoja mvua ikatike ni mbinu halisi ya kubana matumizi. Kadi ya kulipia nauli iitwayo BebaPay ilianzishwa mwaka 2013 na Google pamoja na benki ya Equity, na mwaka uliofuata serikali ilijaribu kulazimisha malipo yasiyo ya fedha taslimu. Jaribio lilishindwa na BebaPay ilifungwa mwaka 2015. Wafanyakazi wa matatu hawakuitaka kadi, kwa kuwa mapato yao ya siku yalitegemea fedha taslimu ambayo tajiri haioni. Siku hizi wengi hulipa kwa M-Pesa, na abiria anayelipa hivyo hapotezi chenji, ingawa makato ya kutuma fedha yanafaa kuangaliwa.

Kampala "taksi" ni gari dogo la abiria 14 ambalo kwa kawaida haliondoki stendi mpaka lijae. Anayetembea hatua chache na kulisubiri njiani huokoa muda, na mara nyingine hupunguziwa nauli kwa kuwa safari yake imefupika. Kigali abiria hulipa kwa kadi ya kugusisha kwenye mashine, na konda amekaribia kutoweka.